Cheti cha Kumwogesha Baba

"Sikatai kwamba unamhudumia, mama," Sedekia alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Lakini mradi unataka mhudumu mwenye cheti, na wewe cheti huna."

Mbuke alikuwa bado amesimama na beseni la maji machafu mikononi. Sedekia, kijana wa mradi wa kusaidia wagonjwa wasioweza kuinuka, alikuwa amewakuta katikati ya kazi, na tangu aketi kwenye kiti cha plastiki pale uani alikuwa hajanyamaza hata kidogo mtu akapata nafasi ya kwenda kumwaga maji. Ndani, nyuma ya pazia la kitenge, Mzee Ndalahwa, baba mkwe wa Mbuke, alikuwa anakohoa uji aliotoka kunyweshwa.

"Cheti cha nini?" aliuliza Ngolo, mume wa Mbuke. Alikuwa ametoka mashine ya kukoboa mpunga alikokuwa anabeba magunia, na pumba zilikuwa zimemjaa mpaka kwenye nyusi. "Cheti cha kumwogesha baba yangu?"

"Cha huduma ya mgonjwa nyumbani, kaka."

"Mzee ameanguka kiharusi mwaka juzi. Toka hapo nani amemgeuza? Nani amemlisha? Ulikuja wewe na cheti?"

"Kaka, mimi naandika tu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka barabara kuu katika jua la Rujewa la saa saba, shati limemganda mgongoni, na maji aliyopewa alikuwa ameyanywa yote bila kupumua. Alieleza tena, taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza nyumba nyingi. Mhudumu mwenye cheti atapata posho kila mwezi. Nyumba itapata glovu, dawa ya kusafishia vidonda na godoro la hewa.

Mbuke hakusikia posho. Alisikia godoro. Mzee Ndalahwa alikuwa na kidonda juu kidogo ya makalio, kimeanza kama wekundu tu na sasa kimefunguka, na nesi wa zahanati alikuwa amemwambia kwamba mzee akiendelea kulalia godoro lile gumu kitafika mfupani.

"Godoro si mlitoe kwanza?" aliuliza.

"Godoro linafuata mhudumu, mama. Hatuwezi kuliweka kwenye nyumba isiyo na mtu anayejua kulitumia."

"Nielekeze sasa hivi. Nitajua."

"Hayo ndiyo mafunzo yenyewe."

"Yako wapi?"

"Iringa. Miezi mitatu."

Ngolo akacheka, lakini si kwa furaha. "Yaani ili aruhusiwe kumtunza mzee, kwanza amwache mzee miezi mitatu."

Ilionekana hakuna aliyewahi kumwambia Sedekia jambo hilo kwa namna hiyo. "Ada mradi unalipa," alisema mwishowe. "Nauli na sare ni juu yenu."

"Ngolo!" mzee aliita kutoka ndani, maneno yake yakiburuta upande mmoja. "Huyo nani?"

"Mtu wa mradi, baba!"

"Kaleta nini?"

"Hajaleta kitu!"

"Basi aende zake! Nataka kugeuzwa!"

Mbuke akaweka beseni chini, maji na yote, akaingia ndani kumgeuza.

Walibishana juu ya jambo hilo karibu juma zima. Ngolo alisema ni upuuzi. Mbuke naye alisema ni upuuzi, lakini upuuzi wenye godoro. Mwishowe Ngolo akauza mpunga waliokuwa wameuweka ukisubiri bei ipande, akampigia simu dada yake Happy, aliyeolewa Madibira, aje akae na baba yao, maana Eveline, binti wa Ngolo na Mbuke, alikuwa ameolewa mbali. Happy akakubali. Mbuke akaenda kujiandikisha.

Kwenye dawati la kujiandikisha, mama mmoja mwenye miwani alishika kitambulisho chake mkono huu na cheti cha darasa la saba mkono ule, akawa anavitazama kwa zamu.

"Wewe ni Mbuke Kulwa au Mbuki Kurwa?"

"Mbuke Kulwa."

"Hapa cheti kinasema Mbuki Kurwa."

"Mwalimu aliandika alivyosikia. Sisi Wasukuma tulikuwa tumehamia tu, hakuyajua majina yetu."

"Kwa hiyo hiki cheti ni cha mtu mwingine."

"Ni changu mimi mama. Hiyo picha si ni mimi?"

"Picha ni ya mtoto."

"Nilikuwa mtoto."

Yule mama hakucheka. Akamrudishia karatasi zake, akamwambia aende kwa wakili akaape kwamba Mbuki ndiye Mbuke. Mbuke akaenda, akaapa, akagongewa muhuri, akarudi na kukuta pamefungwa kwa chakula cha mchana. Akakaa kwenye ngazi na wanawake wengine waliokuja kwa shida kama zake, mmoja jina lake limezidi herufi, mwingine limepungua. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulalamika.

Safari ya kwenda Iringa ilipita Makambako na Mafinga, na kila kituo baridi iliongezeka, mpaka Mbuke, aliyekulia kwenye joto la bonde la Usangu, akawa ametoa kanga zote alizobeba akajifunika. Mkufunzi wao aliitwa Benedicta Kalinga, mama wa Kihehe, mnene, mwenye sauti ya kanisani. Aliwasalimia "Kamwene!" asubuhi ya kwanza, na wasiojua kuitikia wakafundishwa kuitikia kabla ya kufundishwa kitu kingine chochote.

Mbuke alikuja akiwa amejiandaa kukasirika. Alidhani atafundishwa kukamua kitambaa. Lakini siku waliyofundishwa kumwinua mtu aliyepooza, Madamu Benedicta alimlaza mwanafunzi mmoja kitandani akasema, "Huu mkono umekufa. Nani atanionyesha namna ya kumkalisha?"

Mbuke akanyoosha kidole. Alifanya kama alivyokuwa akifanya nyumbani kila asubuhi: akamshika mkono ule uliokufa, akavuta.

"Acha!" Madamu akasema. "Bega la mkono uliopooza halina kinacholishikilia. Ukivuta hivyo, unaling'oa. Hujawahi kumsikia mgonjwa akipiga kelele?"

Alikuwa amemsikia. Mzee Ndalahwa alikuwa akipiga kelele kila asubuhi, na wote nyumbani walidhani ni hasira zake tu. Mbuke akarudi kukaa. Masikio yalikuwa yanamchoma. Siku iliyofuata akajifunza kwamba mgonjwa wa kiharusi hanyweshwi uji akiwa amelala, kwa sababu uji huenda kwenye mapafu, na kwamba kile kikohozi hakikuwa cha vumbi. Baada ya hapo akajifunza kwamba kidonda cha kulalia hakisuguliwi. Yeye alikuwa akikisugua kwa mafuta ya kondoo, kwa upendo, asubuhi na jioni.

Jioni ile akampigia simu mumewe.

"Baba Eveline, mpe Happy simu, nimweleze kitu."

"Happy ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Kwake. Amesema ndege wanamaliza mpunga shambani, mumewe amempigia makelele. Leo mchana."

"Leo! Na mzee yuko na nani?"

"Yuko na mimi."

"Na mashine?"

"Nimewaambia nina mgonjwa."

Mbuke alitaka kusema mambo mengi kuhusu Happy, na kuhusu mume wa Happy, na kuhusu ndege. Hakuyasema, salio lilikuwa dogo. "Sikiliza," alisema. "Ule mkono wake mbovu, usiuvute. Unanisikia? Pitisha mkono wako nyuma ya mabega, mgeuze kwanza ubavu, miguu ishuke, ndiyo umkalishe. Na uji anywe amekaa. Amekaa kabisa, na aangalie chini anapomeza. Na usisugue kidonda."

"Si wewe ulikuwa unasugua?"

"Nilikuwa nakosea."

Mbuke akangoja mumewe aseme neno, acheke, amlaumu. Simu ikakatika yenyewe.

Ngolo hakuwahi kumwogesha baba yake. Kazi hiyo ilikuwa ya Mbuke, na ilikuwa ngumu kuliko alivyowahi kumwambia mtu, maana kwao mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Hata sahani hampi mkononi. Walipokosa la kufanya, walitafuta njia: kila Mbuke alipoingia na beseni, mzee alivuta shuka kwa mkono wake mzima akajifunika uso, na hakuna aliyesema neno mpaka kazi iishe. Asipomwona mkamwana, mzee alijihesabu hakuonwa.

Asubuhi Ngolo alipoingia na beseni, mzee akavuta shuka kama kawaida.

"Ni mimi, baba."

Shuka likashuka kidogo, jicho moja likatokea. "Wewe?"

"Happy ameondoka."

Mzee akamtazama mwanawe aliyeshika kitambaa kama ameshika nyoka. "Basi fanya upesi."

Ngolo alifanya upesi, na vibaya. Akamwaga maji kitandani. Akamwachia sabuni machoni. Akajaribu kumgeuza ubavu kama alivyoelekezwa kwenye simu, miguu ikashuka kabla ya wakati, na wote wawili wakabaki wamekumbatiana ukingoni mwa kitanda, wanahema, hakuna anayeweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Unaniogesha kama unaosha pikipiki," mzee alisema begani kwake.

"Pikipiki hailalamiki."

Mzee akaanza kutetemeka, na Ngolo akaogopa kwamba kiharusi kimerudi, mpaka akagundua anacheka. Alicheka kwa ule upande mmoja wa uso ambao bado ulikuwa wake.

Kule mashineni hawakucheka hivyo. Ngolo alipokwenda kuomba kazi za jioni tu, wenzake walimwita Sista Ngolo, wakamuuliza kama mzee amekwishapata choo leo. Msimamizi akamwambia mgongo mwingine umepatikana, aje msimu ujao. Alirudi nyumbani akapiga teke ndoo tupu mpaka kwenye uzio. Halafu akaiokota akaenda kuteka maji, kwa kuwa ilikuwa saa ya kumgeuza baba yake.

Sehemu ya vitendo ilifanyika katika makao ya wazee upande wa Kalenga, na Mbuke akapewa mzee mmoja aliyekuwa katekista zamani, mpole, aliyeomba samahani kila alipoguswa. Alikuwa akimnyoa ndevu mchana mmoja simu ilipolia mfukoni mwa aproni.

"Mzee ana homa," Ngolo alisema. "Na kidonda kinanuka."

Mbuke akaomba ruhusa, akatoka nje. "Kinanuka vipi? Pembeni kuna weusi?"

"Kuna weusi."

"Mpeleke hospitali. Sasa hivi, baba Eveline, usingoje bajaji ya bei nafuu, chukua yoyote. Nakuja."

Akamkuta Madamu Benedicta stoo anahesabu mashuka. "Madamu, naomba kwenda nyumbani. Baba mkwe amezidiwa."

"Pole, mama." Akaacha mashuka. "Ni huyo huyo unayemsomea?"

"Huyo huyo."

Madamu akakaa kwenye rundo la magodoro. "Nikwambie ukweli. Kwenda, nenda. Siwezi kukufunga kamba. Lakini anayekosa wiki za vitendo anarudia kozi yote, na awamu ijayo mradi haulipii aliyekwisha kulipiwa."

"Kwa hiyo nibaki hapa nimwogeshe mzee wa watu, na wangu afe?"

"Sijasema ubaki."

"Sasa Madamu, haya masharti aliyatunga mtu mwenye baba kweli?"

"Sijui nani aliyatunga. Mimi nimeyakuta." Benedicta akavua miwani, akajifuta uso mzima kwa kiganja. "Unajua mimi mama yangu yuko hapa hapa Kalenga? Hajui tena hata jina langu. Mimi nashinda hapa nafundisha watu kutunza wazee, na mama yangu anashinda na msichana wa kazi asiye na cheti chochote, kwa sababu wenye cheti siwawezi bei. Kila nikitoka asubuhi namwambia yule binti, tafadhali, mkalishe kabla ya kumlisha. Basi. Ndiyo mafunzo yake yote. Wewe nenda au ubaki, sitakuona mbaya."

Mbuke akafungasha begi. Akalibeba mpaka barabarani, akasimama akingoja gari la kumpeleka mjini. Akapiga simu.

"Tuko hospitali," Ngolo alisema. "Wanakisafisha. Usije."

"Niko barabarani tayari."

"Usije, mama Eveline. Ukija utafanya nini ambacho hawafanyi? Mpunga tumeuza, kazi nimefukuzwa, huyu mzee nimembeba mgongoni kama gunia mbele ya watu wote wa Rujewa. Ukiacha sasa, haya yote yalikuwa ya nini?"

"Akifa je?"

"Akifa nitakupigia." Kisha akasema kwa hasira, kama mtu anayemfukuza mbwa, "Rudi ndani huko! Soma!"

Gari likaja, utingo akapiga bodi, akamwita. Mbuke akatikisa kichwa. Alirudi kwenye yale makao na begi lake, akamkuta katekista yule bado amenyolewa nusu ya kidevu, anamngoja kwa subira, na mzee huyo akamwomba samahani kabla Mbuke hajamwomba.

Mzee Ndalahwa hakufa. Madaktari walikata nyama iliyooza, wakamrudisha nyumbani na dawa, na Ngolo akapewa maelekezo ya kusafisha ambayo aliyarudia kwenye simu kwa mkewe, na mkewe akayarudia kwake, mpaka wakawa wanajibizana kama watoto wanaokariri darasani.

Mbuke aliporudi Rujewa hakuwa na cheti. Alikuwa na barua inayosema amehitimu; cheti chenyewe kingefuata baada ya uhakiki wa majina. Lakini sare alikuwa nayo, ya bluu, na aliivaa toka Iringa ili mzee aione.

Akamkuta amekalishwa na mito pande zote, amenyolewa, mashavu yamejaa. Kidonda kilikuwa kimefunga pembeni, chekundu na safi. Mbuke alikitazama muda mrefu. Alifurahi, na ndani ya furaha ile kulikuwa na kitu kinachochoma ambacho hakutaka kukitazama. Asubuhi iliyofuata akachota maji ya vuguvugu, akaingia.

"Ngolo yuko wapi?" mzee aliuliza.

"Yuko nje, baba. Leo ni mimi."

"Mwite Ngolo."

"Baba, nimesomea sasa. Sitakuumiza bega."

"Nashukuru, mkamwana. Mwite Ngolo."

Akadhani ni siku moja tu. Ikawa kila siku. Sedekia alipokuja kukagua, na cheti kikiwa kimefika hatimaye na jina limeandikwa sawasawa, mambo yalikuwa hayajabadilika. Kijana yule alikaa kwenye kiti kile kile cha plastiki na kusema kwamba kimebaki kitu kimoja kidogo sana: amwone mhudumu akimhudumia mgonjwa, atie saini, posho ianze.

"Hataki," Mbuke alisema.

"Hataki nini?"

"Hataki nimwogeshe. Anataka mume wangu."

Sedekia akamtazama Ngolo, akaitazama sare ya bluu, akaamua kuingia mwenyewe kumbembeleza mgonjwa. "Mzee wangu, shikamoo. Ni dakika chache tu. Nione, nitie saini."

"Uone nini?" mzee alisema. "Uone uchi wangu ili uandike?"

"Mzee, huyu mama amesoma kwa ajili yako."

"Najua." Mzee alikusanya maneno, maana siku hizi yalimjia moja moja. "Muda wote ananiogesha huyu, nilikuwa najifunika uso. Unajua kuogeshwa gizani? Hujui maji yatagusa wapi. Unangoja tu. Mkamwana hajakosa kitu, mtu asiseme amekosa. Lakini kwa mwanangu nafumbua macho. Nitafumbua macho mpaka nife. Sasa wewe andika unavyotaka."

Mbuke alikuwa amesimama penye pazia. Alikuwa amedhani kwamba lile shuka linamsitiri mzee. Hakuwahi kufikiria ilikuwaje chini yake. Akatoka uani upesi, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Basi tumsajili kaka," Sedekia alisema alipotoka. "Awamu mpya inaanza. Kaka, una cheti cha darasa la saba?"

"Niliishia la tano."

"Ah."

"Nilikuwa nachunga ng'ombe. Ng'ombe za huyo huyo mzee."

Mzee Ndalahwa alikuwa na ulimi mbovu, masikio yake yalikuwa mazima, lakini safari hii hakuita mtu wala kudai kugeuzwa.

"Mbona hamkusema mapema kwamba mzee anamtaka mwanawe?" Sedekia aliuliza, akajuta hapo hapo.

Mbuke akatupa ufagio chini. "Tuseme mapema nini? Ulikuja hapa ukasema sina cheti. Nikaenda kuapa mbele ya wakili kwamba mimi ni mimi. Nikamwacha mgonjwa wangu nikamwogeshe wa watu. Huyu amefukuzwa kazi, anaitwa Sista barabarani. Mzee nusura afe. Nimerudi na cheti, mgonjwa ana mtu wake asiye na cheti, na kidonda amekiponya yeye! Kiangalie! Ingia ukiangalie! Sasa unataka nini tena? Nikamfunge mzee kamba nimwogeshe mbele yako?"

"Mama, taratibu..."

"Hizo taratibu zenu ndizo zilizotufikisha hapa!"

Jirani mmoja alichungulia juu ya uzio, akajificha. Sedekia alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kwa kazi ambayo hakuwa ameiota alipokuwa chuoni.

"Godoro nitalileta," alisema. "Nitaandika kwamba nyumba ina mhudumu mwenye cheti anayesimamia. Si uongo. Posho ndiyo siwezi. Posho inamfuata anayehudumia, na anayehudumia hana sifa." Akafuta jasho. "Lakini kuna bibi huko Ubaruku, yuko peke yake, amevunjika nyonga. Tumekosa mhudumu kabisa. Ukimchukua yeye, mama, posho yako inaanza mwezi huu huu."

Mbuke akamtazama mumewe. Ngolo alikuwa amechutama ukutani, anajikuna kisogo.

"Kwa hiyo mke wangu akalee bibi wa watu," alisema, "na mimi nibaki kulea bure."

"Ndiyo, kaka."

"Na wote tutakula kwa huyo bibi."

"Ndiyo."

Ngolo akatema mate pembeni, akafikiri. "Haya," alisema. "Mama Eveline, hiyo sare yako imechafuka. Ivue niifue."

Godoro lilikuja kwa kuchelewa, na pampu yake ilihitaji umeme ambao Rujewa ulikatika siku ile ile. Lakini lilikuja. Mbuke aliwaelekeza namna ya kulitumia, baba na mwana, na mzee akasema linalia kama mbu, akalala juu yake mchana kutwa.

Bibi wa Ubaruku aliitwa Severina. Mbuke alimkuta ameketi kitandani, mgongo ameupa mlango, nyumba ina harufu ya mkojo wa siku nyingi. Akabisha hodi, akaamkia.

"Wewe ndiye wa mradi?" bibi aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, bibi."

"Una cheti?"

"Ninacho."

"Mimi sikuomba mwenye cheti. Niliwaambia namtaka mwanangu. Yuko Tunduma, anauza nguo. Kila nikimpigia anasema anakuja." Akavuta pua. "Kwa hiyo kaa na cheti chako huko huko mlangoni."

Mbuke aliangalia chumba. Aliona kikombe cha chai iliyoganda, na miguu ya bibi iliyovimba ikining'inia bila kufika sakafuni. Aliona namna alivyoegemea upande mmoja ili nyonga isiguse kitu. Madamu Benedicta angesema kuna mambo mengi ya kufanya hapa, na angeyataja kwa mpangilio. Mbuke akavuta kigoda, akakaa pale pale mlangoni alipoambiwa.

"Bibi," alisema, "na mimi ninaye mgonjwa wangu nyumbani. Nimesoma kwa ajili yake. Hanitaki."

Bibi Severina akageuza shingo polepole. "Hakutaki? Ulimfanya nini?"

"Sikumfanya kitu. Anamtaka mwanawe."

Bibi akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, sare ya bluu, begi, vumbi la barabarani. Kisha akasogea kidogo kitandani, akiuma meno kwa maumivu, akaacha nafasi.

"Haya, njoo," alisema. "Anza na hii miguu. Nitakapokuambia acha, uache."

"Nitaacha, bibi," Mbuke alisema, akainuka kwenda kutafuta maji.